Harlem Globetrotters ni timu ya nani hasa?

Kimya cha siku kumi na kitu hakikuwa cha ugonjwa wala safari. Mwenzenu nilikuwa nimezama kwenye historia ya timu moja ya mpira wa kikapu ambayo wengi wetu tunaijua kwa vichekesho tu. Wale jamaa wenye bukta za mistari myekundu na myeupe, wanaozungusha mpira kwenye ncha ya kidole huku ule wimbo wa mluzi ukipigwa. Harlem Globetrotters. Sisi tuliokua kwa kuangalia mikanda ya video ya kuazima tulidhani ni kikundi cha sarakasi kilichopewa mpira.

Ila kilichoniweka macho usiku si vichekesho. Ni swali la mwenye timu. Kwa miaka karibu mia moja timu hii imeuzwa na kununuliwa, imefilisika ikiwa mfukoni mwa kampuni, ikaokotwa, ikauzwa tena. Na kila mwenye mali alipobadilika, wachezaji walikuwa pale pale, wakitoka jasho.

Tuanze na jina. Harlem ni mtaa wa watu weusi New York. Timu hii haikuzaliwa huko. Ilizaliwa Chicago, upande wa kusini, na vijana wengi wa mwanzo walikuwa wamesoma shule moja, Wendell Phillips. Neno Harlem lilibandikwa ili mtu wa kijijini akisoma tangazo ajue moja kwa moja kwamba wanaokuja kucheza ni watu weusi. Neno Globetrotters, yaani wazunguka dunia, lilikuwa tambo tupu, maana wakati huo walikuwa wakizunguka vijiji vya Illinois na Wisconsin kwa gari moja bovu. Harlem yenyewe walikuja kucheza mwaka 1968! Miaka arobaini mmebeba jina la mtaa ambao hamjawahi kuutia mguu.

Historia rasmi inasema mechi ya kwanza ya safari ilichezwa Hinckley, Illinois, tarehe 7 Januari 1927. Sasa hapo ndipo pua yangu ya uandishi ilipoanza kuwasha. Timu hiyo hiyo inasemekana ilitokana na Savoy Big Five, timu iliyokuwa ikicheza kwenye ukumbi wa dansi wa Savoy. Ukumbi wa Savoy ulifunguliwa Novemba 1927. Hebu niambieni, timu itatokaje kwenye ukumbi ambao haujafunguliwa? Waliopekua magazeti ya zamani wamekuta habari za mechi ya Hinckley mwaka 1929. Miaka miwili imepotelea njiani, na kwenye miaka hiyo miwili ndimo lilimo jambo lenyewe.

Inasimuliwa hivi. Mchezaji mmoja wa Savoy aitwaye Tommy Brookins alitoka na wenzake wakaunda timu yao, wakaiita Globe Trotters. Wakahitaji mtu wa kuwatafutia mechi kwenye miji ya wazungu, kwa sababu mwenye ukumbi mzungu alikuwa hapokei simu ya kijana mweusi. Wakampata Abe Saperstein, Myahudi mfupi aliyezaliwa London mwaka 1902 na kukulia Chicago. Kazi yake ilikuwa ya dalali. Baadaye Brookins akagundua kwamba dalali ameunda timu ya pili kwa jina lile lile na anaizungusha kivyake. Hakupigana. Akaacha mpira akaenda kuimba kwenye majukwaa. Dalali akabaki na jina, na historia rasmi ikamwandika kuwa mwanzilishi.

Simtukani Saperstein. Alikuwa mchapakazi wa ajabu. Yeye ndiye dereva, yeye meneja, yeye mchezaji wa akiba mtu akiumia. Huko mwanzo mapato ya mlangoni yaligawanywa kwa mafungu: kila mchezaji fungu lake, na Saperstein mafungu mawili, moja lake na moja la gharama za safari. Ni mgao ambao hata wavuvi wetu wa pwani wangeuelewa bila maelezo, maana chombo nacho kina fungu lake. Lakini katikati ya miaka ya 1930 aliuvunja. Akatangaza kwamba kuanzia sasa kila mtu atalipwa ujira. Wachezaji kadhaa wa mwanzo, akiwemo Runt Pullins, wakaondoka. Ni siku hiyo, kwa maoni yangu, timu ilipopata mmiliki. Kabla ya hapo walikuwa shirika.

Hapa nisimame kidogo nieleze kwa nini jambo hili linanichoma. Nilipokuwa kidato cha tatu tulikuwa na timu ya kikapu mtaani. Kiwanja cha saruji kilichopasuka, ringi moja isiyo na wavu. Akajitokeza mfadhili, mfanyabiashara ambaye sitamtaja, akatununulia mipira miwili na jezi zenye jina la duka lake mgongoni. Tukacheza naye misimu miwili, tukashinda bonanza, picha zikapigwa. Siku alipokosana na kocha alituma kijana na gunia. Jezi zikavuliwa palepale kiwanjani, mipira ikaingia kwenye gunia, na wiki mbili baadaye tukasikia kuna timu mtaa wa tatu inacheza kwa jina letu. Jina letu! Tulilitunga sisi, tumekaa juu ya matofali. Ila ukiuliza karatasi, hatukuwa nayo.

Basi turudi Chicago. Watu husahau kwamba jamaa hawa walikuwa wanacheza mpira wa kweli. Vichekesho vilianza kama dawa: wakimfunga mwenyeji pointi nyingi mno, watu wanakasirika na mwakani hawaalikwi, kwa hiyo wakishaongoza wanaanza mizaha. Mwaka 1940 walitwaa ubingwa wa mashindano ya dunia ya kulipwa yaliyofanyika Chicago, wakiwafunga Chicago Bruins 31-29. Tarehe 19 Februari 1948 wakakutana na Minneapolis Lakers wa George Mikan, jitu lenye miwani lililokuwa halizuiliki, mbele ya watazamaji 17,823. Mapumziko Lakers wanaongoza 32-23. Mwisho wa mchezo Ermer Robinson akaachia mpira kutoka mbali, kipenga kikalia ukiwa hewani, ukazama. 61-59. Mwaka uliofuata wakawafunga tena. Wazungu waliokuwa wakisema mtu mweusi hana nidhamu ya kucheza ligi kubwa wakakosa la kusema.

Mwaka 1950 NBA ikafungua mlango. Na hapo ndipo mambo yalipomgeukia Saperstein, kwa sababu mpaka wakati huo, kama wewe ni mtu mweusi na unataka kuishi kwa kikapu, njia zilikuwa chache na yeye ndiye aliyeshika ile kubwa. Boston Celtics walipomchagua Chuck Cooper, Saperstein alikasirika akatishia kutopeleka tena timu yake kwenye ukumbi wa Boston. Halikuwa tishio dogo, maana timu za NBA zilikuwa zikijaza kumbi zao siku ambazo Globetrotters wanacheza mechi ya utangulizi. Mwaka huo huo akamuuza Nat Clifton, aliyeitwa Sweetwater, kwa New York Knicks. Bei inayotajwa ni dola 12,500. Kilichomfikia Clifton mwenyewe ni dola 2,500. Nasikia mameneja wetu wa bongo fleva wakicheka.

Marques Haynes, fundi wa kudunda mpira kuliko wote, naye akaondoka 1953 kwa ugomvi wa mkataba. Lakini huyu alifanya jambo tofauti: aliunda timu yake, Harlem Magicians, akaimiliki, na baadaye Goose Tatum, mchekeshaji mkuu wa Globetrotters, akamfuata. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana. Waliosema wachezaji hawawezi kujiendesha walikuwa wanasema uongo, au walikuwa na faida kwenye uongo huo.

Hata hivyo lazima niseme na upande wa pili. Saperstein aliifikisha timu mahali ambapo hakuna aliyewahi kuota. Agosti 1951 walicheza Berlin kwenye uwanja wa Olimpiki mbele ya watu 75,000, na Jesse Owens alikuwepo, pale pale alipowaaibisha Wanazi mwaka 1936. Mwaka 1958 akamchukua Wilt Chamberlain kabla hajaingia NBA, na 1959 wakaenda naye Moscow, vita baridi ikiwa imepamba moto. Vijana walionyimwa vyumba vya hoteli kwao wakawa wanatumwa kuionyesha dunia jinsi Marekani ilivyo na usawa. Ukiifikiria sana hiyo unaweza usilale.

Saperstein alifariki Machi 1966. Mwaka uliofuata timu ikauzwa kwa wafanyabiashara watatu wa Chicago kwa dola milioni 3.7. Mwaka 1971 mambo mawili yakatokea. Januari, huko Martin, Tennessee, wakapoteza mechi 100-99 kwa wapinzani wao wa kila siku, timu ya Red Klotz, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kufungwa. Watoto walilia ukumbini. Na baadaye mwaka huo huo wachezaji wakagoma, wakidai malipo na masharti bora. Watu walicheka zaidi habari ya kufungwa. Mimi naona mgomo ndio ulikuwa habari.

Mwaka 1976 ikanunuliwa na Metromedia, kampuni ya televisheni, kwa dola milioni 11. Hicho ndicho kipindi cha mikanda ya video tuliyoazima. Walikuwa wameshakuwa katuni, na mwaka 1981 wakawekwa kwenye filamu moja ya kisiwani na maroboti, sitaki hata kuisimulia. Heri moja: 1985 Lynette Woodard akawa mwanamke wa kwanza kuvaa jezi yao. 1986 wakauzwa tena, safari hii kwenye furushi moja na onyesho la kuteleza kwenye barafu, jumla dola milioni 30. Umesoma vizuri, barafu. Mnunuzi, International Broadcasting Corporation, akafilisika 1991.

Halafu akaja Mannie Jackson. Huyu alizaliwa mwaka 1939 ndani ya behewa la reli huko Missouri, ndiyo lilikuwa nyumba ya familia. Akachezea chuo kikuu cha Illinois, akachezea Globetrotters miaka ya 1960, kisha akapanda ngazi kampuni ya Honeywell hadi kwa wakubwa. Mwaka 1993 akarudi akainunua timu, kwa bei inayotajwa kuwa kati ya dola milioni 5 na 6. Kwa mara ya kwanza aliyewahi kuvaa ile bukta ya mistari ndiye mwenye funguo za ofisi.

Alifanya nini? Alirudisha mechi za kweli. Septemba 1995, Vienna, wakakutana na timu ya Kareem Abdul-Jabbar wakafungwa 91-85, na mfululizo wa ushindi 8,829 ukakatika. Mwaka 2000 wakafungwa na Michigan State. Kuna waliomlaumu kwamba anaharibu biashara. Mimi nampigia saluti: mfululizo wa ushindi 8,829 dhidi ya watu wanaolipwa kufungwa ni hesabu ya katuni, na yeye alijua kwa sababu alishacheza. Mwaka 1996 wakamfanya Nelson Mandela kuwa mwanachama wa heshima, na 2002 timu nzima ikaingizwa kwenye jumba la mashujaa wa kikapu.

Na hilo jumba nalo lina simulizi lake. Saperstein aliingizwa 1971, miaka mitano baada ya kufa. Mchezaji wa kwanza kuingizwa kwa sifa ya kuwa Globetrotter ni Haynes, mwaka 1998. Tatum alifariki 1967 na akasubiri hadi 2011. Clifton, yule wa dola 2,500, hadi 2014.

Jackson aliuza asilimia 80 mwaka 2005 kwa Shamrock, kampuni ya uwekezaji ya familia ya Roy Disney. Mwaka 2013 timu ikaenda kwa Herschend, kampuni ya familia inayoendesha mbuga za michezo ya watoto. Sikushangaa. Ukiangalia orodha ya wamiliki, mara nyingi timu hii hununuliwa na watu wenye maonyesho, si watu wenye mpira.

Lakini Juni 2021 ilitoka barua. Globetrotters waliiandikia NBA hadharani wakitaka wapewe nafasi ya kuwa timu kamili ya ligi. Hoja yao ilikuwa rahisi: sisi tulijaza kumbi zenu mlipokuwa hamna watazamaji, mkachukua wachezaji wetu bora, sasa tupeni nafasi. NBA haikuwapa. Nimeisoma ile barua mara tatu. Imeandikwa kwa "sisi", mwanzo mpaka mwisho, na nimekuwa nikijaribu kuotea ni nani hasa anayesema "sisi" humo: kampuni ya mbuga, vijana wa leo, au akina Brookins.