Vijana Wanapochagua Chuo kwa Maneno ya Wenzao

Kila mwaka majibu ya mtihani wa Serikali yanapotoka, nyumba za hapa Tenke hujaa vigelegele. Aliyeshinda humwagiwa poda nyeupe kichwani, na mama zake na shangazi zake humzungusha mtaani wakiimba. Furaha hiyo ni ya haki, nasi hatuna neno juu yake, isipokuwa bei ya poda siku hiyo! Lakini poda ikiisha kuoshwa, huanza kazi nyingine ya kimya: kuchagua chuo kikuu. Na kwa jinsi tunavyoona sisi tunaofundisha dini hapa, vijana hawaifanyi kazi hiyo pamoja na baba na mama, wala pamoja na mwalimu. Huifanya wao kwa wao, jioni, kando ya reli au kwa simu.

Tusiwalaumu upesi. Baba aliyeishia darasa la sita atamwambia nini mwanawe juu ya masomo ya uhandisi? Njia yenyewe si ya zamani. Kabla ya Lovanium kufunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa, Mkongo aliyetaka masomo ya juu kabisa katika nchi yake alikuwa na karibu mlango mmoja tu, ndio seminari kuu. Chuo kikuu cha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kilianzishwa mwaka 1955. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu, tukiwaacha mapadri, hawakufika 30. Hata leo, katika jamaa nyingi za hapa, mtoto anayekwenda ndiye wa kwanza.

Basi mwenzake aliyemtangulia mwaka mmoja huwa ndiye kitabu chake. Huyo ajua mambo yasiyoandikwa popote: chumba cha bei ndogo kinapatikana mtaa gani, somo gani huwaangusha wengi mwaka wa kwanza, fedha ya mwezi huishia wapi. Msaada huo ni wa kweli, na hakuna padri wala katekista awezaye kuutoa vizuri kama yeye.

Shida yetu ni hii: anayesikika ni yule asemaye kwa sauti. Aliyepata asilimia 70 huitangaza hata kwa asiyemwuliza. Aliyepata 52 hunyamaza, ingawa 50 yatosha kupata diploma. Tena aliyerudia mwaka chuoni hapiti barazani kusimulia. Kwa hiyo mtoto anayesikiliza hudhani duniani wako wenye 70 tu, na yeye peke yake amebaki chini.

Tulimwona binti mmoja wa shirika letu, hodari wa hesabu, aliyepata 57. Alikuwa na nia ya uhandisi tangu kidato cha tatu. Wiki moja baada ya poda, mama yake alimleta kwetu akasema, “Mwalimu, mtoto huyu amefunga daftari zake katika sanduku.”

Tukamwuliza, “Nani amekukataza, mwanangu?”

“Hakuna, Mwalimu. Wote wanasema tu kwamba chini ya 60 hawakupokei.”

“Wote ni wangapi?”

Akahesabu kwa vidole. Walikuwa wanne. Na katika hao wanne, mmoja tu ndiye aliyekwisha kuingia chuo kikuu, naye alikaa miezi mitatu. Hakuna ofisi iliyomkataa binti huyu, kwa maana hakuwa ameandika hata barua moja. Mjomba wake alifunga naye safari ya Lubumbashi, karibu kilometa 200, wakauliza dirishani. Wakaambiwa upo mtihani wa kuingia, na siku yake. Aliufanya. Hakuingia uhandisi, aliingia kemia, na sasa yuko mwaka wa pili, akilalamika juu ya maabara kama wanafunzi wote.

Maneno ya wenzao humwinua mtu pia mahali asipopaswa. Mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume, ulioanza kutoa shaba na kobalti mwaka 2009, uko mbele ya macho yetu, na barazani husemwa kwamba asiyesomea machimbo apoteza wakati. Twamjua kijana mwenye kipawa cha kufundisha watoto, ambaye wenzake walimsukuma katika jeolojia. Aliacha kabla ya mwaka kwisha, na fedha ya shamba la baba yake ikaenda.

Hapo twamkumbuka Monsinyori Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi mwaka 1933, mtu wa upande wetu huu wa shaba. Januari 1960, akiwa bado mwanafunzi wa Lovanium, alisimama mbele ya mkuu wa kitivo chake, Padri Alfred Vanneste, akatetea wazo lake kwamba yaweza kuwapo teolojia ya Kiafrika. Mwaka 1971 akawa mkuu wa chuo kikuu cha taifa zima. Kumpinga mwalimu kwataka moyo. Ila sisi twaona vijana wetu hupata taabu zaidi kumpinga rafiki wa rika lao, kwa maana kesho watakaa naye tena benchi moja.

Mwaka huu, wakati wa likizo, tuliwaita wanafunzi watatu wa chuo kikuu waseme na vijana baada ya Misa. Mmoja wao alirudia mwaka wa kwanza, nasi tulimwomba asilifiche. Alisimulia kodi ya chumba, umeme unaokatika, na hesabu zilizomshinda mara ya kwanza. Vijana wa nyuma, ambao kwa desturi hucheka, walimwuliza alikuwa akisoma saa ngapi umeme ukikatika, na mshumaa mmoja unamaliza siku ngapi.