Ndege Isiyo na Injini: Barua kwa Mwanaidi

Tanga,
9 Mei 2025

Mpwa wangu Mwanaidi,

Masika yamechelewa lakini yamefika, na bibi yako kila Ijumaa akitoka kuswali ananiuliza unakuja lini.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema shule yenu ya huko Fulda imewapeleka Wasserkuppe, mkaonyeshwa ndege zisizo na injini, yaani glaida, na klabu moja imekwambia kwamba kwa miaka yako 15 unaweza kuanza kufundishwa. Halafu unaandika kwamba wewe unataka kurusha ndege kubwa za abiria, na glaida unaiona mchezo wa wikiendi. Unaniuliza kama ni kupoteza muda.

Si kupoteza muda, mwanangu. Nami sikujibu hivi kukufariji tu. Kuna mtu ambaye nimeyafuatilia maisha yake tangu alfajiri ya tarehe 16 Januari 2009, nilipotoka zamu ya usiku pale kituo cha hali ya hewa na kusikia redioni kwamba ndege ya abiria imetua mtoni New York na hakuna aliyekufa. Rubani wake alikuwa Chesley Sullenberger. Dunia inamjua kwa dakika zile chache. Mimi nataka umjue alipokuwa na umri unaokaribia wako.

Alizaliwa mwaka 1951 huko Denison, mji mdogo wa kaskazini mwa Texas. Alipofika miaka 16 alikwenda kwa rubani mmoja wa ndege za kunyunyizia dawa mashambani, L.T. Cook, aliyekuwa na kiwanja chake cha nyasi, akafundishwa kwa ndege ndogo ya viti viwili. Hiyo ilikuwa na injini. Jambo moja la kiwanja kile amelisimulia mwenyewe: siku moja alikuta ndege ndogo imeanguka mwishoni mwa uwanja baada ya kugusa waya za umeme, na rubani wake amekufa. Kijana yule hakugeuza uso. Alisogea, akachungulia ndani, akaona damu, akaondoka akijua kwamba angani kosa dogo halisahihishwi. Hata hivyo hakuacha kujifunza. Mimi katika umri ule sidhani kama ningerudi.

Mwaka 1969 akaingia Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani, Colorado, chini ya milima ya Rocky. Uwanja wa ndege wa pale uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kati ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakachaguliwa kama dazeni moja kuingia mafunzo ya glaida, naye akiwemo. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa mkufunzi. Hebu lifikirie hilo. Kijana mdogo vile anakaa kiti cha nyuma, mikono ameiweka magotini, mbele yake kijana mwenzake anakosea, na yeye lazima ajue ni kosa gani amwachie ajifunze nalo na ni lipi alidake kabla halijawaua wote wawili. Na hakuna injini ya kuwaokoa.

Unawajua mwewe wa hapa kwetu, wanaozunguka juu ya soko mchana wa jua kali bila kupiga bawa? Miaka 31 niliyopima hewa niliwatazama kuliko chombo chochote. Jua linachoma lami na mabati, hewa ya chini inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda. Mwewe anaingia katika nguzo ile ya hewa na kuzunguka ndani yake, akipandishwa. Ikiisha, anateleza mpaka nguzo nyingine. Glaida haifanyi zaidi ya hapo. Inashuka wakati wote, kila sekunde, isipokuwa hewa iliyoibeba inapopanda kwa kasi kuliko yenyewe inavyoshuka. Glaida nzuri ya siku hizi, katika hewa tulivu, hupoteza kilomita moja ya kimo huku ikisonga mbele kilomita 40 na zaidi. Kimo ndiyo mafuta yako. Ukiinamisha pua unakibadilisha kuwa mwendo, ukiinua pua unarudishiwa kidogo. Na ukiamua kutua, umetua. Huwezi kukanyaga mafuta ukapanda tena kujaribu mara ya pili.

Lakini somo ninalotaka ulikazie akili ni la kamba. Kule Marekani glaida huvutwa na ndege yenye injini, na mwanafunzi hufundishwa tangu mwanzo kwamba kamba inaweza kukatika wakati wowote. Ikikatika chini ya futi 200, yaani mita 60 hivi, unatua mbele yako palipo wazi, hugeuki. Ikikatika juu ya hapo, waweza kugeuka na kurudi uwanjani. Mkufunzi huiachia kamba kwa makusudi, bila kumwonya mwanafunzi, aone atafanya nini. Kwa hiyo kila safari, kabla ya kuruka, unakuwa umekwisha kuamua. Huko kwenu mtavutwa kwa winchi, na ndani ya dakika moja utakuwa mita 300 au zaidi. Mambo huko hutokea upesi kuliko nyuma ya ndege, na somo ni lilelile.

Sasa turudi New York. Tarehe 15 Januari 2009, saa 9 na dakika 25 alasiri, Airbus A320 iliondoka LaGuardia ikielekea Charlotte na watu 155. Haijafika hata mita 900, kundi la mabata bukini likaingia katika injini zote mbili. Zikazimika. Kuanzia pale mpaka majini zilipita sekunde 208. Waongoza ndege walimpa njia za kutua za LaGuardia, wakampa na Teterboro, ng'ambo ya mto. Alipima kimo na umbali akaona hazifikiki, akawaambia wataishia mto Hudson. Msaidizi wake, Jeffrey Skiles, alikuwa akihangaika kuziwasha injini. Watu wote 155 walitoka hai, siku ambayo baridi ilikuwa kama nyuzi saba chini ya sifuri.

Mara watu wakaunganisha: ah, kumbe alirusha glaida ujanani, ndiyo maana! Aliulizwa swali hilo mara nyingi. Jibu lake ndilo lililonifanya nimheshimu. Alisema mambo hayo yalikuwa ya zamani sana, na glaida zile zinatofautiana mno na ndege kubwa ya kisasa, kwa hiyo hadhani kama uzoefu aliotoa huko ulikuwa mkubwa. Hadithi nzuri ilikuwa imewekwa mkononi mwake, akairudisha kwa kuwa haikuwa kweli. Alichokubali ni kitu kipana zaidi: kwamba kwa miaka 42 alikuwa akiweka akiba ndogondogo za mazoezi na mafunzo, na siku ile akaweza kutoa kiasi kikubwa kwa mkupuo. Ukitoa 42 katika 2009 unafika 1967, kwa Cook, katika kiwanja cha nyasi.

Basi nisije nikakudanganya kwamba glaida itakufanya shujaa wa mto. Ninavyoona mimi, na haya ni yangu, hakuyasema yeye, glaida ilimtia mapema katika hali ambayo marubani wengi huiona wakiwa watu wazima, au hawaioni kabisa: mtu, kimo alichobaki nacho, na uamuzi mmoja. Na ilimfanya mwalimu wa wenzake angali kijana.

Umaarufu alioupata hakuukalia. Mwezi uliofuata, Februari 2009, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani akawaeleza kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa asilimia 40 na pensheni imefutwa, na kwamba fani inayowafanyia hivyo marubani wake itakosa watu wazoefu. Mwaka 2019, baada ya ajali mbili za Boeing 737 MAX, moja ya Indonesia na nyingine ya Ethiopia, alirudi Bungeni kusema juu ya usalama na mafunzo. Mwaka 2022 akawa balozi wa nchi yake katika Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, Montreal. Alikaa miezi michache, akaondoka Julai. Lakini shirika lile mimi nalijua. Namba za upepo, mawingu na mwonekano nilizoandika kila saa hapa Tanga kwa miaka yote ile zilifuata kanuni zake, ili rubani asiyeijua hata sura yangu aziamini. Nilifurahi sana kusikia kwamba kijana wa glaida amepewa kiti pale.

Na huo mlima mliopelekwa msiupite kama bustani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkataba wa Versailles uliwabana Wajerumani kwenye ndege za injini. Kuanzia 1920 vijana wao wakapanda Wasserkuppe na mabawa waliyounda wenyewe, wakajifunza upya kuruka kwa upepo peke yake. Makumbusho ya glaida yako palepale juu. Siku nyingine ingia, usiharakishe.

Baba yako nimempigia simu jana. Mama yako ana hofu, na hofu yake ni ya haki, kwa hiyo usimjibu kwa ukali. Mpeleke uwanjani, aongee na mkufunzi wako, amwulize kuhusu kamba. Baba yako amesema fomu ya klabu ataitia saini wiki hii. Jumamosi nenda mapema, vaa kofia, chukua maji ya kutosha, na siku watakapokuachia kamba bila kukuonya, niandikie ulikuwa kimo gani na ulielekea wapi.

Mjomba wako,
Salim