Nimevaa Hedifoni za Milioni Mbili Wiki Nzima, na Kilichonishangaza Siyo Besi

Wadau, tuongee ukweli. Mjini hapa hedifoni siku hizi zimekuwa kama cheni. Kuna msanii mmoja, jina namhifadhi, kila picha anayopandisha Insta zinaning'inia kifuani, na sijawahi kuona hata moja ambayo amezivaa masikioni. Sina ugomvi naye, hela ni zake. Ila mtu akiniuliza hizi hedifoni za bei mbaya zina kipi cha ziada, picha siyo jibu. Mimi nimekaa nazo siku saba, kwa hiyo leo naeleza nilichosikia.

Zenyewe ni Shure SE846, zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio. Zilitoka 2013, na Marekani zilianza kuuzwa dola 999. Kwa chenji ya leo hiyo ni zaidi ya milioni mbili za kibongo. Msishtuke, siyo zangu. Ni za bro mmoja prodyuza, wengi mmecheza biti zake bila kuijua sura yake. Ameamua kuziuza, akaniambia, "Dogo, kaa nazo wiki. Zikikukubali, niletee laki sita." Kwa nini anaziuza? Nitafika huko, maana ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Tuanze na umbo. Ukiziona mara ya kwanza unaweza kudhani umepigwa. Ni plastiki inayoonyesha ndani, hamna taa, hamna dhahabu. Lakini kila upande umebeba spika nne: mbili za besi, moja ya sauti za kati, moja ya sauti za juu. Ni spika za jamii ileile inayotumika kwenye mashine za kuwasaidia watu wasiosikia vizuri, ndiyo maana zote nne zinaenea kwenye kitu kidogo hivyo. Waya unapita juu ya sikio na kushuka kwa nyuma, kwa hiyo ukigeuza shingo hazivutiki. Tena waya unachomoka: ukikatika unanunua waya peke yake. Sisi ambao hedifoni zetu hufa upande mmoja kila baada ya miezi miwili tunajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Kero zipo. Simu yangu haina tundu la hedifoni, ikabidi niazime kile kiwaya cha kuunganishia. Na siku mbili za kwanza sikio la kushoto liliuma mpaka nikabadilisha vipira, nikaweka vya sponji, saizi ndogo.

Hapo kwenye vipira tusimame kidogo. Kabla sijabadilisha, besi haikuwepo kabisa, nikawa najiuliza hizo milioni mbili zimeenda wapi. Kumbe sikio lilikuwa na upenyo. Sponji unaifinya kwa vidole, unaiingiza, unaishikilia mpaka ivimbe humo ndani. Sikio likizibika vizuri, besi inarudi yote. Likibaki na upenyo, besi inavuja, hata hedifoni ziwe za bei gani. Hii inahusu zako za elfu kumi pia.

Sasa sauti. Nilianza na Remmy Ongala na Super Matimila, ile albamu yao ya 1989, Songs for the Poor Man, iliyotolewa na Real World, lebo aliyoianzisha Peter Gabriel kule Uingereza. Aisee. Magitaa yaliachana, kila moja likakaa kona yake, nikaweza kufuata moja tu wimbo mzima bila kupotezwa na mengine. Nikahamia singeli. Nilitegemea fujo, lakini mdundo unapiga na kukata, unapiga na kukata, haubaki unavuma juu ya sauti ya MC.

Halafu nikaweka nyimbo zangu za kurushiwa WhatsApp. Hapo ndipo utajua hizi hedifoni hazina huruma. Wimbo uliobanwa mara tatu njiani unasikika umebanwa mara tatu, matoazi yanachakacha kama mfuko wa chipsi. Kuna hiti moja ya mwaka jana, siitaji, nimesikia mpaka pale vokali ilipokatwa na kuungwa. Zamani niliiona safi kabisa. Kwa hiyo kama unasikiliza mafaili mabovu, usiende kununua kitu cha milioni mbili kikuonyeshe ubovu wake.

Ila siyo hayo yaliyonishangaza. Kilichonishangaza ni kile kitufe cha kupunguza sauti.

Kwenye daladala ya Mbagala, kwa hedifoni zangu za kawaida, huwa naweka sauti karibu mwisho. Injini inanguruma, konda anapiga bati, redio ya dereva nayo iko juu. Kwa hizi nilikuwa chini ya nusu na nasikia kila neno. Shure wanasema zinapunguza kelele za nje hadi desibeli 37. Maana yake hulazimiki kushindana na gari zima ndani ya sikio lako.

Ndiyo tunarudi kwa bro. Anaziuza kwa sababu ana filimbi masikioni. Ilianza baada ya miaka ya kukesha studio na kupiga kwenye kumbi, sauti ikiwa juu muda wote, na haizimiki. Usiku analala na feni imewashwa hata kukiwa na baridi, kwa sababu chumba kikiwa kimya filimbi ndiyo inazidi. Biti zake siku hizi anamwachia dogo mwingine amalizie zile sauti za juu, yeye hazimfikii sawasawa. Aliponikabidhi kiboksi aliniambia kitu kimoja tu: "Usizifungulie sana."

Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza salama saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Saa nne! Kuna watu wanazimaliza kabla ya Jumatatu kwisha. Na vile vinywele vya ndani ya sikio vikishakufa haviotei tena.

Angalizo: ukiziba masikio kiasi hiki, barabarani hausikii honi wala bodaboda inayokuja nyuma. Ukishuka kwenye gari, zivue.

Uamuzi wangu? Nimezirudisha. Laki sita kwangu ni kodi ya miezi sita. Nimetafuta vipira vya sponji vinavyoenea kwenye hedifoni zangu, nikaingia kwenye mipangilio ya simu nikaweka kikomo cha sauti. Magitaa ya Remmy hayajakaa kila moja kona yake, siwadanganyi. Lakini daladala ya Mbagala sasa naipanda na sauti ikiwa nusu, na nasikia.

Mwenye laki sita yake aniambie, nimuunganishe na bro. Sponji nimezifuta, ziko zote.