Ukoka wa Uwanja Wetu

Shule niliyosoma katika vilima vya Mbulu, ambayo baadaye nilirejea kufundisha, ilikuwa na uwanja wa michezo uliochimbwa ubavuni mwa mteremko, nao haukuwa wa kusifika kwa ukubwa, kwani mzunguko wake ulikuwa mita 300 tu. Lakini ukoka wake, kwa jinsi ulivyoshikana, ulitupa fahari ambayo majengo yetu hayakuweza kutupa. Ilikuwa miaka ya Elimu ya Kujitegemea, kazi za mikono zilipohesabiwa kuwa sehemu ya masomo, na mwalimu wetu wa michezo, mzaliwa wa Pangani, mpole wa kauli lakini mkali wa kazi, aliuchukua uwanja ule kuwa amana aliyokabidhiwa.

Kazi ilifuata majira. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, tulifukia mashimo ya fuko, tukaokota mawe, kisha tukatandaza samadi iliyokwisha kuoza, ambayo kila mmoja wetu aliibeba kutoka kwao. Wala hapana mzazi aliyehitaji kuelezwa manufaa yake, maana Wairaqw tangu jadi huirudisha samadi ya mazizi mashambani. Mvua za kwanza zikinyesha, tulipandikiza vikonyo vya ukoka penye vipara. Masika yakikolea, adui alikuwa maji, na mzee mmoja jirani, ambaye shamba lake lilikuwa juu yetu, ndiye aliyetuonyesha namna ya kukata mfereji wa kukinga, wenye mwinamo mdogo mno. “Wanangu,” alituambia, “maji yatembee, yasikimbie.” Kiangazi kilipoingia tulifyeka kwa hadhari, tukiacha majani marefu kidogo ili mizizi isikose kivuli.

Mwezi wa Februari 1974 redio ilitangaza kuwa Filbert Bayi, kijana wa Karatu, ambayo zama hizo ilikuwa ingali ndani ya Wilaya ya Mbulu, amevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Tulikwisha kulelewa na habari za John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 mguu ukiwa umefungwa bendeji. Lakini hii ya Bayi ilitutia ghera isiyo na kifani, na tangu siku hiyo kila jioni mizunguko 5 kamili ya uwanja wetu ilikimbiwa hata njia ya ndani ikaanza kuota upara. Mwalimu hakutuzuia. Kila juma alisogeza mstari wa majivu hatua mbili au tatu kuelekea nje, ili nyasi zilizokanyagwa zipate kupumua. Miaka mingi baadaye nikiwa Arusha, katika uwanja wa gofu wa Gymkhana, niliwaona watunzaji wakihamisha shimo la mpira kutoka upande mmoja wa nyasi kwenda mwingine kwa sababu iyo hiyo, na wengine wakitoboa ardhi kwa uma za chuma na kufagia mchanga ndani ya matundu ili hewa na maji vishuke. Nikastaajabu jinsi maarifa hayo yalivyolingana na ya yule mtu wa Pangani, ambaye sikupata kumsikia akitaja gofu.

Na katika Hanang, nilikofundisha kwa muda, Wabarabaig walinihakikishia jambo lilo hilo kwa malisho: kila mbuga ina majira yake ya kulishwa na ya kuachwa, na mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yalipotwaa nyanda za Basotu, mzunguko mzima uliharibika, si eneo lile peke yake.

Niliporudi Mbulu nilikuta uwanja umesawazishwa kwa greda. Nia ilikuwa njema, na kazi ilikwisha siku moja. Lakini udongo mweusi pamoja na ukoka ulisukumwa bondeni, mfereji wa mzee ukafukiwa, ukabaki udongo mwekundu mgumu ambao masika yaliyofuata yaliuchimba korongo kutoka goli hadi goli. Tulianza upya. Udongo uliorundikana bondeni tuliurejesha kwa mikokoteni ya ng’ombe, mfereji tukaufukua, na penye ugumu tulitoboa kwa uma za shambani kama nilivyoona Arusha. Fauka ya hayo, wasichana, ambao zama zetu walitazama kutoka ukingoni, sasa hukimbia na kubeba samadi sawasawa na wavulana.

Ukoka umekwisha kulifikia goli la chini. Pembe ya juu, greda ilikokata zaidi, ingali inakataa, na kamati ya shule imeazimia kuwa samadi ya Oktoba hii ianzie huko.