Si Kioevu, Si Gesi

Jamani, wiki mbili nimekesha na programu ya kuigiza atomu za agoni, kumbe kosa lilikuwa mstari mmoja: kama si kioevu, basi ni gesi. Ukipita nyuzi -122 na shinikizo mara 48 la hewa ya kawaida, kuchemka hakupo tena. Chembe hutikisika katikati ya majirani zake, kisha huchomoka na kuhamia kwingine. Hapo bado ni kama kioevu. Ongeza joto zaidi, mtikisiko unakufa. Zinapaa na kugongana tu. Mwaka 2012 wanafizikia waliuita mpaka huo mstari wa Frenkel, ingawa wengine wanabisha kwamba si mpaka. Sharti langu nimelifuta. Sasa napima kama chembe iliyogongwa inarudi ilikotoka.