Theluji Isiyo na Baridi

Wahenga walisema kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Neno hili twalikumbuka kila tuutazamapo mchezo mmoja wa kiinimacho uchezwao sana Ulaya na Marekani, nao ni mchezo wa kugeuza maji kuwa theluji. Sisi nasi tumeucheza mbele ya watoto wa shule yetu. Kwa kuwa wasomaji wengi hawajauona, yafaa tuueleze, maana ndani yake mna furaha na elimu, tena mna mlango ambao mwongo aweza kuupitia.

Mchezaji hushika kikombe, humimina maji kidogo, husema maneno mawili matatu ya mzaha, kisha hungoja kitambo. Mara kitu cheupe, laini na chepesi, huumuka ndani ya kikombe, hufurika ukingoni na kuanguka mkononi mwake. Watazamaji hushika vinywa kwa mshangao. Zamani wachezaji walitumia vipande vya karatasi nyembamba, wakavirusha kwa upepeo hata vikafanana na theluji ianguke. Siku hizi wengi hutumia unga mweupe ambao mchezaji ameutia kikombeni kabla ya kuwatokea watu. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo chatosha kwa maji ya vijiko kumi na viwili hivi.

Unga huo hutengenezwa viwandani, na wataalamu huuita sodiamu poliakrileti. Mfano wake ni nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho, zilizofungamana kama wavu wa mvuvi. Ukiwa mkavu, wavu umejikunja. Ndani yake mna sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi ya kula, nayo huyavuta maji. Basi wavu hutanuka, lakini mafundo yake huuzuia usiyeyuke. Unga wa jamii hii waweza kunywa maji safi mamia ya mara kuliko uzito wake wenyewe. Katika unga wa theluji kila chembe huvimba peke yake bila kugandamana na mwenziwe, ndiyo sababu rundo lake huwa jepesi. Uko na unga mwingine wa jamii hiyo ambao hugeuka kama uji mzito na kushika chini ya kikombe. Kwa huo mchezaji hukipindua kikombe juu ya kichwa cha mtu, na hata tone moja lisianguke. Kitu hicho hicho hutiwa katika nepi za watoto wachanga ili ziwe kavu.

Siku tulipoucheza mchezo huu, watoto walipiga makofi na kusukumana wapate kuona. Tukawapa waishike ile theluji. Msichana mmoja aliitia kiganjani, akaikunja mkono, akaifungua, kisha akauliza, “Mwalimu, mbona haina baridi?” Darasa zima likanyamaza. Swali lile lilitupendeza kuliko makofi yote, kwa kuwa theluji ya kweli ni maji yaliyoganda kwa baridi, nayo huyeyuka kiganjani. Hii haikuganda wala haiyeyuki.

Tukakumbuka habari ya Johannes Rebmann, mmisionari aliyeiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei, 1848. Alipouona weupe kileleni, alimwuliza kiongozi wake jina lake, naye akamjibu neno moja tu: baridi. Kule London mtaalamu wa ramani, Desborough Cooley, alikana kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Yule kiongozi hakuwa na jina la theluji, walakini alijua alama yake. Msichana wetu naye aliitafuta alama ile ile asiione.

Basi tukatwaa chumvi, tukainyunyiza juu ya theluji yetu mbele ya macho yao. Ikanywea pale pale, na maji yakatoka. Wachezaji wa kiinimacho wana desturi ya kuficha siri zao, nasi twaiheshimu katika michezo yao, maana mtu aliyelipa kiingilio ili astaajabu hapendi kuharibiwa furaha yake. Lakini mwalimu ana deni jingine kwa watoto. Akiwastaajabisha, hana budi kuwafungulia mlango, wasije wakalala katika giza aliloliweka yeye.

Deni hilo si dogo. Mchezaji wa haki huwaambia watu tangu mwanzo kwamba amekuja kuwachezea, nao huketi kwa hiari yao. Je, mtu mwingine akiuchukua unga ule ule hata kijiji cha mbali, akasema kwamba maji yamegeuka kwa uwezo alio nao, akadai kuku na fedha kwa mama mwenye mtoto mgonjwa? Unga ni ule ule na kikombe ni kile kile, lakini sasa pana wizi, na yule mtoto hucheleweshwa kufikishwa hospitali. Huko ndiko maarifa kidogo yawezako kuokoa nyumba nzima.

Atakaye kuucheza mchezo huu na aangalie mambo machache. Vumbi la unga lisiingie machoni wala puani, na mtoto asiutie kinywani. Ukimwagika sakafuni penye maji, huteleza sana. Usimwagwe katika mifereji ya nyumba, maana huvimba na kuiziba. Theluji ikianikwa siku kadha, hurudi kuwa unga, hufaa tena.

Nasi, ndugu wasomaji, twawasihi mfurahie mchezo panapo mchezo. Lakini ajapo mtu na jambo la ajabu akitaka mali yenu kwa ajili yake, lishikeni kwanza kiganjani, mkaulize kama alivyouliza yule msichana.