Kibindo Chenye Mkanda

Nina mikoba 31. Naitaja idadi mapema kwa sababu watu wakisikia nakusanya mikoba huuliza maswali mawili, mingapi na ya bei gani, na hilo la pili ndilo wanalotaka hasa kulijua. Basi nalo nalijibu. Mingi niliinunua Uingereza, kwenye maduka ya hisani yanayouza vitu vilivyokwisha kutumika, na michache niliitoa mitumbani Tanga kabla sijahama. Wa bei kubwa kuliko yote ulinigharimu pauni 85, na niliufikiria wiki mbili nzima. Msomaji unayetafuta habari za mamilioni, vumilia kidogo. Zipo huko mbele, ila si zangu.

Swali wasiloniuliza ni kwa nini mikoba. Mbona si viatu, mbona si vikombe? Jibu langu linaanzia kwenye neno ambalo siku hizi tunalisikia zaidi kwenye habari za michezo kuliko majumbani. Mchezaji "ametia kibindoni" milioni kadhaa, anasema mtangazaji, na huenda yeye mwenyewe hajawahi kufutika hata shilingi moja kiunoni. Kibindo ni lile kunjo la shuka au kikoi kiunoni ambamo watu waliweka fedha, tumbaku, ufunguo. Wanawake wa kwetu walikuwa pia na pindo la kanga: unaweka sarafu, unafunga fundo, unalifutika. Bibi yangu aliuza vitumbua na hakumiliki mkoba maisha yake yote. Benki yake ilikuwa fundo. Akikupa hela, ilikuwa bado na joto la mwili wake. Na pale nyumbani hakuna aliyethubutu kuligusa fundo lile, hata babu. Babu akitaka hela za bibi alimwomba, kisha akasubiri lifunguliwe, na bibi hakuwa na haraka.

Nilipokuja kusoma habari za mikoba ya Ulaya nikakuta kisa ni kile kile. Katika karne ya 17 na ya 18 wanawake wa huko hawakubeba mikoba kama tunayoijua leo. Walifunga kiunoni mifuko ya kitambaa, chini ya sketi pana, na mkono uliifikia kupitia mpasuo wa ubavuni. Mwishoni mwa karne ya 18 magauni yakawa membamba, mifuko ikawa inavimba na kuharibu umbo, ndipo kifuko kidogo kikatoka nje na kushikwa mkononi mbele za watu. Kutoka nje kulikuwa jambo moja, kumiliki kilichomo jambo jingine. Uingereza, mke hakuwa na haki ya kisheria juu ya ujira wake mwenyewe mpaka sheria ya mwaka 1870, na ikabidi isubiriwe ile ya 1882 ndipo mali yake ikawa yake kweli. Yaani kuna miaka mingi ambayo mwanamke alitembea na kifuko chake kizuri mkononi, na senti zilizomo ndani, mbele ya sheria, ni za mumewe. Bibi yangu angecheka mpaka akae chini.

Waandishi wa hadithi wanajua kwamba mkoba ni chumba chenye mlango mmoja, na kwamba msomaji anatamani ufunguliwe. Oscar Wilde, katika tamthilia yake ya mwaka 1895, alitia mtoto mchanga mzima ndani ya mkoba ulioachwa kituo cha treni cha Victoria, na wanaosoma mpaka leo wanacheka. P. L. Travers alimpa Mary Poppins begi ambalo watoto waliona wazi kwamba ni tupu, kisha akaanza kutoa vitu vya nyumba nzima. Agatha Christie, katika riwaya ya mwaka 1937 ya mauaji kwenye meli ya watalii mtoni Nile, alimpa mwanamke aliyeachwa na mchumba bastola ndogo ya kubeba kwenye pochi. Mtoto, nyumba, silaha. Hakuna mwandishi anayehangaika hivyo na mfuko wa suruali.

Kwangu kuna sababu nyingine, ya kikazi. Mimi ni muuguzi. Hospitali za Uingereza zina kanuni kwamba anayehudumia wagonjwa awe mtupu kuanzia kiwiko kwenda chini: hakuna saa ya mkononi, hakuna bangili, hakuna pete isipokuwa ile ya ndoa isiyo na mapambo. Naiona haki yake, vijidudu havichagui dhahabu. Lakini zamu baada ya zamu navaa nguo moja na wenzangu, na saa imebanwa kifuani kama ya kijana wa gwaride. Zamu ikiisha, kitu cha kwanza ninachokishika kwenye kabati langu ni mkoba. Nikiutia begani nimerudi kuwa mtu fulani, binti wa fulani, anayekwenda zake.

Sasa, safari ya meli. Tuko wanawake saba tunaocheza mchezo, upatu kwa jina la heshima, na mwaka ule tulikubaliana kwamba badala ya kila mmoja kupokea kwa zamu, fungu lote litatupeleka likizo pamoja: usiku 14 kutoka Southampton kwenda Madeira na visiwa vya Kanari, kurudi kupitia Lisbon. Tulichukua vyumba vya ndani, visivyo na dirisha, kwa sababu dirisha lina bei yake. Kabati la nguo lilikuwa na upana wa mlango mmoja. Mikoba 31 haiingii humo.

Tatizo hili si jipya, na ndilo lililojenga utajiri wa watu. Louis Vuitton alifungua duka lake Paris mwaka 1854, na miaka minne baadaye akatoa sanduku lenye kifuniko bapa. Masanduku ya wakati ule yalikuwa na migongo ya mviringo ili maji ya mvua yatiririke, na hayapangiki moja juu ya jingine. Lile bapa lilipangika, kwenye treni na melini. Mwaka 1901 kampuni hiyo ikatoa begi laini la turubai linalokunjika ndani ya sanduku kubwa. Kazi yake ilikuwa kubeba nguo chafu za safari ya meli. Nalipenda jambo hili. Lile begi la nguo chafu ni miongoni mwa mababu wa mikoba ambayo leo watu wanaiwekea bima.

Mimi nilichagua mitatu. Wa kwanza wa bandarini: mdogo, wa ngozi ya kahawia, mkanda mrefu unaokatiza kifuani, zipu juu. Treni za mitaani za Lisbon zina wezi wenye vidole laini kuliko vya fundi saa, kwa hiyo mkoba wa wazi haufai. Wa pili, wa ukindu, ulisukwa Tanga. Huo ni wa sitahani na kwenye bwawa, unabeba taulo, kitabu na nguo mbichi bila kununa. Wa tatu ni pochi nyeusi ya shanga, yenye kibanio cha fedha, ya usiku wa mavazi rasmi, ambapo wanaume huvaa suti nyeusi na tai ya kipepeo na wanawake magauni marefu.

Kanuni zangu nyingine ni hizi, anayetaka azichukue. Anza na viatu, sio gauni, maana meli inayumba. Ukipita Ghuba ya Biscay na kisigino kirefu utamkumbatia usiyemjua, na njia za mawe meusi na meupe za Funchal na Lisbon ni telezi hata kwa raba. Chagua madini moja. Mimi nilibeba fedha tupu, kwa hiyo kila hereni iliendana na kila bangili na kibanio cha pochi. Chagua rangi mbili na ya tatu ya kuchangamsha. Yangu ilikuwa gauni la kitenge cha manjano, kazi ya fundi wetu, ambalo lilitosha usiku wa rasmi wote kwa kubadilisha mtandio tu. Na mtandio ubebe, hata kwenye joto. Upepo wa sitahani usiku hauna adabu.

Tulipofika melini nikagundua kichekesho. Humo ndani pesa haina kazi. Unapewa kadi moja: inafungua mlango, inalipia kahawa, inakutambulisha ukishuka na ukipanda. Wengi huitundika shingoni kwa kamba. Mkoba wangu wa usiku ulibeba kadi, rangi ya mdomo na miwani. Fundo la bibi lilikuwa na uzito zaidi.

Siku ya pili nilivaa kama majarida yanavyoshauri kwa safari ya meli: suruali ya bluu iliyokolea, shati jeupe, mkanda mwembamba. Mtindo huo una asili yake. Fulana ya mistari ya bluu na nyeupe iliingia rasmi kwenye sare za mabaharia wa Ufaransa mwaka 1858, halafu Coco Chanel na wenzake wakaiondoa melini na kuipeleka kwa matajiri wa pwani. Yaani wenye fedha walianza kuvaa kama wafanyakazi wa meli, na ikawa alama ya kuwa na fedha. Nimekaa karibu na bwawa, bibi mmoja akaja kuniuliza mimi naweka wapi taulo safi. Nikamwonyesha zilipo. Kabla ya chakula cha mchana mwanamume akaniwekea vikombe viwili vitupu mbele yangu, akasema ahsante. Wenzake watatu pale jirani walivaa bluu na nyeupe kama mimi. Nao walikuwa weupe, na hakuna aliyewapa vikombe.

Kuanzia hapo sikutoka chumbani bila mkoba, hata kwenda kunywa chai. Mfanyakazi aliye kazini habebi mkoba begani, na kila mtu analijua hilo bila kuambiwa. Ilisaidia. Sikuulizwa taulo tena. Lakini nilikasirika kwa namna mpya, kwa sababu kitu ninachokipenda kwa raha yake kilikuwa kimegeuka kitambulisho, na mtu hapaswi kuonyesha kitambulisho ili akae kwenye kiti alichokilipia.

Aliyenituliza alikuwa dada aliyesafisha chumba chetu. Siku mbili za kwanza aliniita madamu. Siku ya tatu alinisikia nikibishana na mwenzangu kuhusu hereni, akasimama mlangoni na mashuka mkononi.

"Kumbe mwazungumza Kiswahili! Mimi wa Likoni."

"Mimi Tanga."

"Basi tu majirani, dada." Na neno madamu likafia hapo.

Nilimsimulia habari za taulo. Akacheka sana. "Wewe ukawaambia ziko wapi?"

"Nikawaambia."

"Basi umefanya kazi yangu bure!"

Kisha akaiangalia pochi ya shanga kitandani, bila kuigusa, akasema na yeye anao wake. Akatoa simu akanionyesha picha: mkoba mwekundu wa ngozi, wa mishikio mifupi. Mshahara wa kwanza wote ulikwenda nyumbani. Wa pili alikata kidogo, akashuka bandarini, akaununua. "Huku ndani sote twavaa nguo moja na jina kifuani," alisema. "Nikipata saa zangu za kushuka, nautwaa. Nikiwa nao pale kwenye ngazi, mimi ni mtu aenda zake mjini."

"Ndani unaweka nini?"

"Simu, rangi ya mdomo, na pesa zangu. Mkoba mtupu hauna raha."

Nilikuwa nimeutumia mkoba siku ile nzima ili nisichanganywe na yeye. Naye anautumia wake kwa lile lile ninalolifanya mimi zamu ikiisha hospitalini: kuvua sare bila kuvua nguo. Hili halikufuta hasira yangu kwa mwenye vikombe, na sioni kwa nini lingeifuta. Lilinirudishia mkoba tu. Haukuwa kitambulisho tena. Ulikuwa kibindo chenye mkanda, mahali pa pesa zangu na siri zangu, hata siku ambayo kilichomo ni kadi na miwani.

Nilikuahidi mamilioni, haya. Mwaka 1984 nyumba ya Hermès ilimtengenezea mwigizaji na mwimbaji Jane Birkin mkoba, baada ya yeye kukaa ndegeni karibu na mkuu wa nyumba hiyo na kulalamika kwamba hapati mkoba wa kumtosha. Alioutumia yeye, ule wa kwanza kabisa, uliuzwa mnadani Paris Julai 2025 kwa zaidi ya euro milioni 8. Umechakaa. Una alama za stika alizoubandika, na kikata kucha kinaning'inia. Watu huweka mikoba ya jina hilo kwenye kabati la kioo isipate mkwaruzo, na uliovunja rekodi ni ule ambao mwenyewe aliutumikisha kama punda.

Yangu nami naitumikisha. Ule wa ukindu umepata doa la juisi ya Tenerife na sijaliondoa. Mchezo umeanza upya, na safari hii wenzangu wanataka Norway, kwenye baridi, kwa hiyo ukindu utabaki nyumbani na mtandio utakuwa wa sufi. Suruali ya bluu na shati jeupe nitavibeba tena, vinanipendeza. Mtu akiniuliza taulo, nitakuwa najua zilipo, na yeye atakwenda kuzichukua.